Mguu Usiouma

Baba yangu alianguka kutoka kwenye paa la ghala la kijiji saa nne asubuhi, siku ya kazi ya pamoja. Mimi nilikuwa darasani nikifundisha watoto wa darasa la pili. Nilisikia ukelele mmoja, kisha nyundo zote zikanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitoa mbio.

Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu tuhamie kijiji kipya, huku Kisarawe, na kila kitu kilikuwa kinajengwa: ghala, zahanati, nyumba za walimu. Baba alikuwa seremala, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na paa lolote lililopandishwa pale alipanda yeye kwanza. Nilimkuta amelala chali juu ya boriti iliyoachwa chini, macho wazi, kofia bado kichwani. Hakuwa akilia. Alikuwa akijipiga paja kwa ngumi, polepole, kama anavyogonga ubao kusikiliza kama umeliwa na mchwa.

"Mwanangu," akaniambia, "miguu siisikii. Waambie wasinikalishe."

Niliwaambia. Walikuwa wameshamshika mabegani kumwinua, wakamwachia. Mpaka leo nadhani maneno hayo yalimpa miaka yake iliyobaki.

Wanaume waling'oa mlango wa ghala, alioutengeneza mwenyewe wiki ile, wakamlaza juu yake na kumfunga kwa kanga zetu. Tulimpandisha kwenye lori la korosho lililokuwa linakwenda Mlandizi. Nilikaa juu ya magunia nimemshika kichwa kwa mikono miwili, kila shimo la barabara likinipita mwilini, hadi tulipofika kwenye lami na kuelekea Kibaha.

Hospitalini walimpiga eksirei. Daktari alikuwa kijana, mrefu, mwenye sauti ya chini, na aliniita pembeni akanionyesha picha kwenye mwanga wa dirisha. Pingili mbili za mgongo zilikuwa zimevunjika, na uti wa mgongo uliopita ndani yake ulikuwa umebanwa. Alisema Baba atalala chali bila kuinuka kwa wiki sita, na atageuzwa kila baada ya saa mbili na watu wanne kwa pamoja, kama gogo, mgongo usijikunje. Kuhusu miguu, alisema tusubiri, lakini alisema bila kunitazama.

Mama hakuweza kukaa naye. Alikuwa na wadogo zangu wanne na korosho zilikuwa zinaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, sijaolewa, na mwalimu mkuu alinipa ruhusa. Nikahamia kwa mama mdogo, Maili Moja, na kila asubuhi nilikwenda hospitali kwa miguu, nikashinda huko, nikarudi jua likizama. Nilijifunza kusaidia kumgeuza, kumlisha kwa kijiko akiwa amelala, kuangalia mpira wa mkojo usijikunje. Wiki ya kwanza niliogopa vidonda, kwa sababu manesi waliviogopa. Nilidhani nimeshajua cha kuogopa.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mpasua mawe aliyeangukiwa na jiwe mgongoni wiki tatu kabla yetu. Naye miguu yake ilikuwa imekufa. Lakini alikuwa mcheshi, sauti yake ilijaza wodi. Alimwambia Baba kwamba wakitoka pale wao wawili watafungua duka la kushona viatu, kwa kuwa vyao wenyewe havitachakaa tena. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele ya mgeni, alicheka.

Asubuhi moja nilikuwa namnywesha Baba uji. Mpasua mawe alikuwa anaoshwa na dresa, mwanamume mmoja mpole aliyefanya kazi za wodi ya wanaume, na huku akioshwa alikuwa anamsimulia dresa mpira aliousikia redioni. Alikata maneno katikati. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Kifua." Akasema tena, kwa sauti ya kushangaa zaidi kuliko ya maumivu, "Kifua hiki." Midomo yake ikabadilika rangi. Dresa aliita, daktari alikuwa mwisho wa wodi ileile, akaja mbio, na alipofika hapakuwa na la kufanya. Bakuli la uji lilikuwa bado mkononi mwangu, la moto.

Baba alikuwa amegeuzwa ubavu wa kushoto, uso kwa uso na kile kitanda. Aliona yote.

Msimamizi wa wodi alikuwa nesi mwenye umri wa mama yangu, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwita Sista tu. Walipokuwa wanamwandaa marehemu nilimwona anafunua shuka miguuni, anasimama, anaitazama miguu ile muda mrefu. Kisha akatoa futi kamba kwenye mfuko wa gauni lake, ile ya mafundi cherehani, akazungusha paja moja, akazungusha la pili, na akafumba macho.

Mchana aliniita kwenye chumba chake. Nilimwamkia, akaitika, akaniambia nikae. Nilimuuliza yule bwana ameuawa na nini, maana jana alikuwa mzima wa kuimba.

"Ameuawa na mguu wake," alisema. "Mimi na wewe damu ikiganda ndani ya mguu, mguu utauma. Tutachechemea, tutalalamika, tutakuja hospitali. Mguu wa baba yako hauwezi kumwambia kitu. Umelala tu, damu inapita polepole, inaweza kuganda mle ndani ikakaa kimya kama haipo. Siku moja kipande kinakatika, kinapanda mpaka kwenye mapafu."

Nilimuuliza kama hakuna mashine ya kuiona. Alisema hospitali kubwa zina namna ya kuingiza dawa ya rangi kwenye mshipa na kuupiga picha, lakini huwezi kumfanyia hivyo kila mgonjwa kila siku, na bonge la damu linaweza kutokea siku yoyote. Hapo walikuwa na macho, mikono, na futi kamba. Alisema alikuwa akimpima mpasua mawe mara moja kwa wiki, na sasa anaona wiki ni ndefu mno.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Unajua kuandika namba na kutozikosea. Utampima kila siku."

Akanionyesha. Asubuhi kabla ya kuoshwa, mguu umelala tu, haujaguswaguswa. Alichora mstari wa wino kwenye kigimbi cha kila mguu, na mwingine kwenye kila paja, ili futi ipite palepale siku zote. Kisha mgongo wa kiganja, kutafuta joto. Kisha macho, kutafuta rangi na mishipa iliyotuna. Namba nne kila siku kwenye daftari.

"Tofauti ya mguu na mguu ikizidi sentimita mbili," alisema, "usiangalie kama nina kazi. Niite."

Kuanzia siku hiyo woga wangu ulipata ratiba. Nilitoka Maili Moja umande ukiwa bado kwenye nyasi, nikawapita watoto wa shule na mafagio yao, na kadiri nilivyokaribia hospitali ndivyo nilivyopunguza mwendo. Sikuogopa kumkuta amekufa. Niliogopa kumkuta anacheka, ana afya usoni, na futi iseme vingine. Usiku niliota namba. Jioni moja kwa mama mdogo nilifunga mlango nikajipima miguu yangu mwenyewe, nikakuta mmoja umeuzidi mwingine nusu sentimita, nikajipima tena na tena, kabla sijakumbuka kwamba mimi nilikuwa natembea nayo kila siku.

Tatizo lilikuwa Baba mwenyewe. Siku ya kwanza nilipofika na futi alinitazama, akaitazama ile mistari ya wino.

"Kigimbi pima," alisema. "Paja langu hutapima wewe. Atapima dresa."

Sikubishana. Msichana wa kwetu haoni paja la baba yake, achilia mbali kulishika, na kwa kweli mimi mwenyewe nilishukuru. Nilikuwa nalisha mdomo wake na kufua shuka zake, lakini kila aliposafishwa nilitoka nje nikasimama kwenye baraza mpaka niitwe. Nilimwambia Sista, naye akakubali. Vigimbi vikawa vyangu, mapaja ya dresa, na daftari likakaa chini ya mto wa Baba pamoja na penseli yake ya useremala. Tuliendelea hivyo siku tisa au kumi. Namba zilicheza kidogo, nusu juu, nusu chini, na kila nilipomaliza nilipumua.

Katika siku hizo Mama alinitumia chupa ya mafuta ya nazi kwa dereva wa lori, na maagizo: nimkande miguu asubuhi na jioni, kwa nguvu, kuelekea juu, ili damu iamke. Nilifanya hivyo jioni, chini ya goti, wakati manesi wanabadilishana zamu. Nilifurahi kufanya kitu ambacho mikono ya nyumbani inakijua. Sikumwambia Sista, si kwa kuficha, ila sikuona kama ni jambo la kusemwa.

Kisha dresa akapelekwa vijijini siku chache na kikosi cha chanjo. Baba aliniambia nisiwe na wasiwasi, mtu mwingine wa zamu anampima mapaja, na kweli kila asubuhi nilikuta namba mbili zimeandikwa kabla sijafika. Sista alikuwa na wodi mbili siku hizo. Alipita, akaliangalia daftari, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, Baba amesinzia, nalifungua daftari bila sababu. Paja la kulia arobaini na tano na nusu. La kushoto arobaini na sita. Jana yake vilevile. Juzi yake vilevile. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili na la watu wazima jioni, nilikuwa nimeshasahihisha madaftari ya kutosha. Najua hesabu iliyofanywa na hesabu iliyonakiliwa. Namba za dresa hazikuwahi kufanana siku mbili mfululizo. Na hizi tatu za mwisho ziliandikwa kwa penseli nene, bapa, wakati dresa aliandika kwa kalamu ya wino.

Mikono yangu ilipata baridi. Nilimtazama amelala, mashavu yamebonyea, anapumua vizuri, nikahesabu pumzi zake. Sikumwamsha. Nilisubiri mpaka alipofumbua macho mwenyewe.

"Baba," nilimwambia, "nani anakupima paja?"

Akasema mtu wa zamu.

"Nani?"

Alitazama dari.

Sikuwahi maishani mwangu kumwambia Baba neno la kumpinga, na sikujua sauti yangu itatokaje. Ilitoka ndogo. Nilimwambia kwamba nilikuwepo yule bwana wa kitanda cha jirani alipokufa, na yeye alikuwepo. Kwamba siwezi kwenda kumwambia Mama kwamba nilikuwa hapa, nina futi mkononi, na sikuangalia kwa sababu ya aibu.

"Funga macho, Baba," nilisema. "Na mimi sitatazama. Nitashika tu."

Alipapasa kando ya mto. Kisha akaiweka kofia yake usoni, ile aliyoivaa siku alipoanguka, na nikaelewa kwamba amekubali.

Nilimfunika kanga yangu kiunoni, nikaizungusha vizuri pande zote, nikapitisha mkono chini ya shuka kutafuta paja la kulia. Niliibana futi kwa kidole ilipokutana, nikaitoa nje kuisoma: arobaini na tano. Nikaenda upande wa pili wa kitanda. Kabla futi haijafika nilishajua, kwa sababu mgongo wa mkono wangu uligusa ngozi na ngozi ilikuwa ya moto na imekaza, kama mpira uliojazwa upepo. Nilipima mara tatu. Arobaini na tisa na nusu. Mara zote tatu.

Kigimbi cha mguu huohuo, nilichokipima asubuhi kwa mikono yangu, kilikuwa kimezidi mwenzake kwa nusu sentimita tu. Ningeendelea kupima vigimbi mpaka siku ya kumzika.

Nilitaka kukimbia, lakini niliogopa kwamba hata kishindo cha miguu yangu kwenye sakafu kitamtikisa. Nilitembea kwa kunyata mpaka wodi ya wanawake, nikamkuta Sista anafunga bandeji, nikamwonyesha daftari. Alimwachia mwenzake ile bandeji, akaja.

Daktari alifika. Aliugusa mguu kwa vidole viwili, taratibu, kutoka kinena mpaka goti, kisha akavuta kiti akakaa mahali Baba anapoweza kumwona. Aliongea naye yeye, si mimi. Alisema anaamini kuna bonge la damu kwenye mshipa mkubwa wa paja. Kuhakikisha kwa picha ya rangi ingebidi apelekwe Dar, na mgongo huo na mguu huo kuvisukasuka garini ni hatari. Kuna dawa ya sindano inayozuia damu isizidi kuganda. Lakini jeraha la mgongo lilikuwa bado bichi, na dawa hiyo ingeweza kulifanya litoke damu ndani, na hata matumaini madogo yaliyobaki ya miguu yangekwisha.

"Ungekuwa ni wewe, Daktari?" Baba aliuliza.

"Ningechoma sindano."

"Basi choma."

Hapo ndipo nilipokumbuka mafuta. Nilimfuata daktari kwenye baraza nikamwambia, nikilia, kwamba nimekuwa namkanda jioni kwa siku nyingi. Aliniuliza nilikanda wapi. Nikasema chini ya goti. Akasema hawezi kujua kama nimemdhuru au la, na kwamba kuanzia sasa mguu ule usikandwe, usisuguliwe, usinyooshwe na mtu. Laiti angeniambia kwamba sikukosa. Hakuniambia hivyo, na nilimheshimu kwa hilo baadaye, lakini si siku ile.

Walinyanyua miguu ya kitanda upande wa chini kwa matofali. Sindano zilikuwa kila baada ya saa sita. Na kila siku alikuja bwana wa maabara na vichupa vyembamba vya kioo. Alitoa damu kidogo kwenye mkono wa Baba, akaitia kichupani, akakifumbata kiganjani kukipa joto, akatazama saa yake, na kila baada ya muda akakilaza kuona kama damu bado inatiririka. Ikiganda upesi, dawa haitoshi. Isipoganda kabisa, dawa imezidi, na mgongo unaweza kuwa unavuja. Nilikaa mbele yake namtazama kiganja. Sikujua niombe nini. Nilikuwa naomba damu isigande, halafu naomba igande.

Jumamosi Mama alikuja. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, ana kikapu cha mihogo ya kuchemsha na chupa nyingine ya mafuta. Alimsalimia mumewe, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, na bila kukaa akafunua shuka na kumimina mafuta kiganjani.

Nilimshika mikono. Nilimshika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, mafuta yakamwagika juu ya shuka, na wagonjwa wa vitanda vya karibu wakageuka.

"Usimguse, Mama."

Alinitazama kama hanijui. Nilijaribu kumweleza, lakini maneno yalitoka ovyo, damu, mapafu, yule bwana wa jirani, na nadhani alichosikia ni kwamba mtoto wake amemkataza kumshika mume wake. Alikaa kwenye benchi, mikono imejaa mafuta, hajui aifanyie nini. Baba ndiye aliyemwita. Alimwambia aje upande wa kichwani, amkande mabega, mabega ni yake yote na yanasikia. Mama akaenda. Alimkanda mabega mpaka saa ya kuondoka ilipofika, na hakusema nami neno siku ile.

Siku ya tano ya sindano, kama saa sita mchana, Baba alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo. Nilikuwa namkunjia shuka. Akakohoa tena, akashika ubavu wa kulia, na akasema neno lilelile. "Kifua."

Niliita, nadhani niliita, maana watu walikuja. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi, jasho limemtoka kwenye paji la uso, na macho yake yalikuwa kwenye kile kitanda cha jirani ambacho sasa alikilalia mtu mwingine. Alinishika kidole gumba. Aliniambia randa yake kubwa iko kwa fundi wa Mzenga, nisisahau kuifuata. Aliniambia mdogo wangu wa tatu apelekwe shule hata akikataa. Alisema kwa haraka, kama mtu aliye dirishani mwa basi. Daktari alimwekea kifuani kifaa cha kusikilizia, akasikiliza, akasikiliza tena. Baba akakohoa na kwenye kitambaa palikuwa na damu, si nyingi, doa la ukubwa wa korosho.

Daktari alisema kipande kimefika. Alisema ni kidogo. Alisema kama kingekuwa kikubwa tusingekuwa tunaongea, na kwamba kwa sababu dawa ilishaanza, huenda hakuna kingine nyuma yake. Ile "huenda" niliishi nayo siku tatu. Sikurudi Maili Moja. Sista aliniruhusu kulala kwenye benchi la baraza, na kila aliyekohoa ndani, mimi nilikuwa nimeshasimama.

Hakuna kingine kilichokuja. Maumivu yalipungua, pumzi zikarefuka. Futi ilianza kurudi: arobaini na tisa, arobaini na nane na nusu, arobaini na nane. Sasa nilimpima mapaja mwenyewe, na alikuwa haweki tena kofia usoni.

Asubuhi moja, nikiwa naandika namba, aliniambia jambo ambalo sikuliuliza. Alisema zile siku tatu hazikuwa aibu tu. Siku ya kwanza dresa alipoondoka, walipomgeuza ubavu, alijishika mapaja kwa kiganja, kama anavyopima ubao bila futi. Mkono wake haukuwahi kumdanganya. La kushoto lilikuwa limejaa.

"Nililijua," alisema. "Nikamtazama yule bwana pale, hata kama hayupo. Nikaandika namba ya jana."

Nilitaka kumuuliza kwa nini, lakini nilikuwa nimekaa naye wodi ile mwezi mzima, nilijua kwa nini. Mimi mwenyewe kila asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni kabla ya kuingia, nikitamani futi imepotea.

Nilimwambia, "Nami niliogopa, Baba." Akasema, "Najua. Mikono yako ilikuwa baridi."

Tulikaa hospitali miezi mitano. Miguu haikurudi. Hatukujua kama ni dawa au ni boriti, na daktari alisema hakuna atakayejua. Tulirudi Kisarawe wakati wa mvua, kwenye gari la wilaya, Baba amelazwa juu ya godoro, mguu wa kushoto umefungwa bandeji ndefu ambayo aliivaa kwa miaka. Sista alinipa futi kamba yake. Aliniambia niendelee miezi mingine mitatu, kisha niache, la sivyo sitaacha kamwe.

Mama alimpokea na hakuleta mafuta. Aliniuliza, bila kunitazama, ni wapi pa kushika na wapi pa kutoshika, nikamwonyesha kwenye mguu wangu mwenyewe. Baada ya hapo yeye ndiye aliyempima, kwa kuwa yeye ni mkewe na hakuhitaji kanga katikati. Hakujua kusoma namba, kwa hiyo alifunga fundo la uzi mwekundu kwenye futi mahali paja la kulia lilipoishia, akazungusha la kushoto, na akiona fundo limevuka au halikufika alikuja kuniita darasani. Aliniita mara nne mwaka ule. Mara zote nne niliwaacha watoto na chaki mkononi nikakimbia, na mara zote ilikuwa uzi umeteleza.

Fundi wa Mzenga aliirudisha mwenyewe randa ya Baba, na jirani zetu wakamjengea Baba meza fupi anayoifikia akiwa amekaa. Alitengeneza vigoda, mipini ya majembe, na milango ya nyumba za walimu ikilazwa magotini mwake vipande vipande. Aliishi miaka minane. Mdogo wangu wa tatu alikwenda shule. Mwisho wake ulikuwa figo, polepole, kwa wiki kadhaa, na alijua na sisi tulijua, na tulikuwa na muda wa kuongea. Ilikuwa huzuni, lakini haikuwa woga ule. Mama alikuwa kichwani kwake, anamkanda mabega.